Kutoka Ngenge Kutafuta Betri za Kigari cha Paulina

Nilifunga safari ya Bukoba kwa sababu dada yangu Paulina alikuwa karibu kunyang'anywa darasa lake. Hiyo ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na kijiji chetu cha Ngenge kilikuwa bado kipya. Nyumba zilikuwa chini, kwenye rweya, yaani mbuga ya majani mafupi. Shule ilikuwa juu ya kilima, jirani na misheni. Paulina alifundisha darasa la kwanza huko juu, na miguu yake ilikuwa imepooza tangu utotoni.

Kwa miaka miwili alipanda kilima kwa kigari. Wengi wenu hamkukiona, kwa hiyo nitakieleza. Kilikuwa kidogo kuliko gari, kikubwa kuliko toroli, chenye magurudumu manne mafupi na kiti cha watu wawili. Wazungu kwao hukipanda uwanjani wanapocheza mchezo wa kupiga kijipira cheupe kwa fimbo ndefu. Hakinywi petroli. Chini ya kiti zimepangwa betri sita, nazo ndizo zinazokisukuma. Padri mmoja mgeni, mzee aliyeumwa magoti, aliletewa na ndugu zake ili atoke nyumbani kwake hadi kanisani. Aliporudi kwao alimwachia Paulina. Betri zilichajiwa kwa injini ya misheni, na kila asubuhi Paulina alipita katikati ya kijiji akiwa ameketi wima kama bibi harusi.

Kisha kigari kikadhoofika. Kwanza kilipanda polepole, halafu kikawa kinafika nusu ya kilima, halafu siku moja hakikutikisika kabisa. Vijana wanne wakaanza kumpandisha Paulina kwa machela, jinsi sisi Wahaya tunavyombeba mgonjwa kumpeleka hospitali. Hakuna aliyenung'unika. Lakini mvua zilikuwa zimeshika, shamba la ujamaa lilikuwa halijapandwa, na mkutano wa kijiji ukaitishwa.

"Mwalimu hatumkatai," mwenyekiti alisema. "Lakini mabega yanayombeba ndiyo haya haya tunayolimia."

Ikaamuliwa kwamba shule ikifunguliwa baada ya likizo, wabebaji warudi shambani. Afisa elimu naye akatoa njia yake: ikiwa mwalimu hawezi kupanda, atahamishiwa ofisini Muleba, kwenye tambarare, kazi ya kugonga mihuri.

"Nikagonge mihuri?" Paulina alisema siku ile jioni. "Karatasi haziulizi maswali. Nitafanya nini na kitu kisichouliza maswali?"

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu iliyofuata. Mimi, Deusdedit, mdogo wake, nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma nyakati za jioni, na mchana nililima kama wengine. Niliomba ruhusa ya juma moja nikatafute betri.

Jumatatu, juma moja kabla shule haijafunguliwa, niliondoka alfajiri na lori lililokuwa linapeleka pamba. Nilibeba betri moja kati ya zile sita, ili huko mjini niwaonyeshe watu ninachotafuta. Ilikuwa nzito kama mbuzi. Mama yangu aliiweka katika kikapu kirefu na kuizungushia majani mabichi yenye kunukia, yale tunayotandika sakafuni nyumbani mgeni anapokuja.

Paulina alikuwa ameketi mlangoni kunipa maagizo. Alitaka waya wa breki, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umebaki nyuzi mbili. Alitaka mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma. Alitaka na kengele, maana ng'ombe wa Ngenge hawapishi mtu.

"Lakini betri kwanza," alisema. "Ukikosa betri usiniletee kengele. Sitaki kukaa kwenye kigari kilichokufa nikipiga kengele kama mtu anayeuza samaki."

Tulifika Muleba mchana, na hapo nikangoja basi la Bukoba. Betri ya aina hii ina tindikali ndani, kwa hiyo lazima isimame wima. Ikilala inamwaga, na ikimwagikia nguo, nguo inatoboka. Nilimweleza utingo alipotaka kurusha kikapu changu juu ya basi.

"Basi kipakate," alisema. Alijaribu kukiinua, akakirudisha chini. "Bwana, kuku wako huyu anataga mawe?"

"Ni betri."

"Betri ya tochi gani hiyo? Tochi ya Goliati?"

Abiria wakacheka, na mama mmoja aliyeketi karibu yangu akavuta khanga yake mbali na kikapu. Alikaa hivyo, ameshika khanga yake, tangu Muleba hadi Kemondo. Tulipopita Kanazi aliniuliza betri ni ya nini, nikamweleza habari za Paulina. Alichukua ncha ya kitenge alichofungia mkungu wake wa ndizi, akakizungushia kikapu changu kisiyumbe kwenye kona. Tuliingia Bukoba jioni, nikalala kwa binamu yangu.

Jumanne asubuhi nilianza madukani. Wale mnaokumbuka miaka ile mnajua maduka yalivyokuwa: rafu ndefu, vitu vichache, na watu wengi wa kukuambia vitu viko wapi pengine. Katika duka kubwa la umma nilimwonyesha karani betri yangu.

"Zipo," alisema.

Nikauliza upesi: "Ziko wapi?"

"Dar es Salaam."

"Zitafika lini hapa?"

"Meli ya Mwanza ikizileta."

"Meli ipi?"

"Hiyo itakayozileta," alisema kwa upole kabisa, akamgeukia mteja mwingine.

Duka la pili lilikuwa na betri za malori tu. Hapa nieleze kidogo. Betri ya lori ina volti kumi na mbili, na hii ya kigari ina sita. Mtu anaweza kufikiri kwamba kubwa ni bora, lakini kiti cha kigari kimetengenezwa kipokee sita ndogo zilizoshikana mikono, moja ikimpa mwenzake nguvu. Ukiweka ngeni kati yao, ni kama kumweka mtu mmoja mrefu kati ya wabeba machela wafupi. Mzigo unalalia upande mmoja.

Duka la tatu lilikuwa la vipuri vya baiskeli, karibu na mto Kanoni. Mwenye duka, mzee Mhindi mwenye miwani minene, aliniuzia waya wa breki wa baiskeli akanionyesha jinsi ya kuukata na kuufunga. Mpira wa gurudumu la toroli tuliupima kwa kamba niliyokuwa nimepimia nyumbani, ukafaa. Kisha akatoa kengele ya shaba, akaipiga. Ilikuwa na sauti nzuri.

"Kengele bado," nilimwambia. "Nina amri."

"Amri ya mke?"

"Ya dada."

"Hiyo ni kubwa zaidi," alisema, akairudisha. Kuhusu betri alitikisa kichwa, kisha akachungulia ndani ya kikapu changu muda mrefu. "Nenda Ijuganyondo. Uliza nyumba ya Rwechungura. Alikuwa fundi wa umeme melini. Yeye hauzi betri, lakini anazijua kama daktari anavyojua matumbo."

Jumanne alasiri nilifika Ijuganyondo kwa miguu, kikapu kikiwa nyuma ya baiskeli ya kukodi niliyoisukuma. Nyumba ya Rwechungura ilikuwa ndani ya kibanja kilichotunzwa vizuri, migomba imeegemezwa miti na mibuni imepaliwa. Barazani palikuwa na betri za redio zimepangwa, kila moja na jina la mwenyewe, na nyuma ya nyumba injini ndogo ya kuzichajia. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mzee kiasi. Mkewe alituletea kahawa ya kutafuna katika kisahani cha majani, tukaitafuna kwanza, maana kwa watu wetu shida haielezwi mdomo ukiwa mtupu.

Kisha nikafunua kikapu. Rwechungura aliondoa majani ya mama yangu, akayanusa. Akatazama vichwa vya betri, mahali waya zinapofungwa. Palikuwa na ukungu wa kijani na mweupe, na ndani ya ukungu ule vipande vya majani makavu vimegandamana. Hivyo havikuwa vya safari hii. Vilikuwa vya siku nyingi.

"Deusdedit," aliniita, "nani ameitandikia betri majani kama mgeni wa posa?"

Nilijibu: "Mama."

"Anaitandikia mara nyingi?"

"Tangu padri aondoke. Chini ya kiti, pande zote. Alisema kitu kinachomsaidia mwanawe namna hii hakiwezi kulalia chuma kitupu."

Rwechungura alicheka mpaka akashika nguzo. Mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka. Hata mimi nilicheka.

"Mpe mama shukrani zangu," alisema alipotulia. "Ana heshima. Lakini majani yanashika unyevu, na unyevu unachanganyika na mvuke wa tindikali, vinakula waya. Nguvu ya betri ikifika hapa mlangoni inakuta mlango umeoza."

Akafungua vifuniko vitatu vya juu, akamulika ndani kwa tochi, akanipa na mimi nitazame. Niliona bati za kijivu zimesimama kama kurasa za kitabu. Zilikuwa nje ya maji zaidi ya nusu.

"Nani alikuwa anaongeza maji?"

"Maji?" nilisema. "Hakuna aliyetuambia habari za maji."

Kumbe padri yule alikuwa akiongeza mwenyewe, peke yake, asubuhi kabla ya misa. Alipoondoka hakukumbuka kusema, na sisi hatukujua kuuliza. Rwechungura alinieleza taratibu. Betri inapochajiwa, maji yake hupungua kidogo kidogo. Tindikali inabaki, maji ndiyo yanayokwenda. Kwa hiyo unarudisha maji, wala si maji ya kisima, maana ya kisima yana chumvi na udongo usioonekana, ambavyo vinaziua bati. Yanatakiwa maji yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji.

"Kwa hiyo hazijafa?" niliuliza.

"Nikikuahidi nitakuwa mwongo. Bati zikikaa hewani muda mrefu zinakauka moja kwa moja. Nyingine zinaamka, nyingine haziamki. Tuipe hii maji, tuichaji. Ikiamka, na zile tano nyumbani zina matumaini."

"Na maji hayo yanauzwa wapi?"

Akashusha pumzi. Ya kwake yalikuwa yamekwisha kabla ya mvua, na gereji zote za mjini zilikuwa zinaingoja meli ile ile ya Mwanza. Mkewe, aliyekuwa akiokota maganda ya kahawa, akasema bila hata kutugeukia:

"Maji ya mvuke! Kule Rubafu wanayakamua kila juma. Tatizo lao yanalewesha."

Alisema kwa utani. Mumewe akamtazama, kisha akanitazama mimi. Wote watatu tulikuwa tunafikiria kitu kimoja: enkonyagi, pombe kali inayopikwa kwa siri kwa olubisi, yaani pombe ya ndizi. Unachemsha pombe ndani ya chungu kilichozibwa, mvuke unapita kwenye mrija uliolazwa ndani ya maji baridi, na upande wa pili inadondoka tone kwa tone. Ukiweka maji mahali pa pombe, kitakachodondoka ni nini?

"Maji," Rwechungura alisema. "Maji safi kuliko ya baraka."

"Usikufuru," mkewe alimwambia.

Jumatano asubuhi nilipanda lori la ushirika lililokuwa linakwenda kuchukua kahawa Rubafu. Mke wa Rwechungura alikuwa amenielekeza kwa mjane mmoja aitwaye Kokugonza. Rwechungura mwenyewe alikuwa amenipa masharti: chungu kisuguliwe kwa majivu na mchanga, maji ya kwanza kutoka yamwagwe kwa kuwa yatabeba harufu ya pombe, na yatakayofuata yakingwe kwa chupa za kioo tu, yasiguse debe.

Njia ya Rubafu ni ya kupendeza. Vilima vinashuka hadi ziwani, na migomba imesongamana hata ukipita huoni nyumba, unaona moshi tu. Nilimkuta Ma Kokugonza akimenya ndizi nyuma ya nyumba. Alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito. Bahati mbaya nilikuwa nimevaa suti yangu ya mikutano, ile ya mikono mifupi yenye mifuko minne, na kifuani nilikuwa na kalamu, kama afisa wa serikali.

"Sijui lolote kuhusu enkonyagi," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Ma Kokugonza, waitu," nilisema kwa neno letu la heshima, "mimi sitaki enkonyagi."

"Basi umekosea nyumba."

"Ninataka unipikie maji."

Kisu kikasimama juu ya ndizi. "Maji gani?"

"Maji matupu. Uyaweke chunguni kama unavyoweka olubisi, uyapitishe kwenye mrija."

"Maji matupu," alirudia. "Yaingie maji, yatoke maji."

"Ndiyo, mama."

"Basi wewe ni polisi," alisema. "Mlevi ningemwelewa."

Nilijieleza nikajieleza tena. Nilimwambia habari za betri, akaguna. Nilimwambia habari za vilima na machela, akaendelea kumenya. Mwisho nilimwambia maneno ya Paulina kuhusu karatasi zisizouliza maswali. Hapo akainua uso.

"Anafundisha darasa la ngapi?"

"La kwanza."

"Mjukuu wangu yuko la kwanza. Wanamwita mjinga kwa sababu anauliza sana." Akafuta mikono kwenye nguo yake. "Leo nimechelewa, kuni hazijapasuliwa. Lala hapa. Vua hilo koti, majirani wataniuliza nimefanya nini."

Alhamisi asubuhi tulianza. Nilisugua chungu kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka, na kila niliposema kimetakata yeye alinusa akasema, "Bado, kinanukia marehemu mume wangu." Tuliosha na mrija wa shaba. Tukachota maji, tukaziba mdomo wa chungu kwa udongo na nyuzi za mgomba, tukawasha moto. Matone ya kwanza tuliyamwaga. Wazee wawili waliokuwa wamejipitisha kibanjani kwa bahati waliona tunamwaga, mmoja akashika kichwa.

"Ma Kokugonza! Unamwaga?"

"Ni maji."

"Hata sisi huwa tunawaambia wake zetu ni maji," alijibu yule mwingine, wakaketi kungoja.

Kabla ya adhuhuri chupa kadhaa zilikuwa zimejaa na moto umeshika vizuri. Ndipo akaja balozi wa nyumba kumi, Bwana Mutalemwa, mtu mwembamba mwenye fimbo. Kupika enkonyagi kulikatazwa, na kazi yake balozi ilikuwa kuzuia. Aliona moshi, chungu, mrija, chupa, wazee wawili wameketi wanangoja na mgeni asiyejulikana. Ikiwa balozi angevunja mtambo ule, mjane angebaki bila riziki kwa ajili yangu, na Paulina angekwenda kugonga mihuri.

"Mchana kweupe?" balozi aliuliza. "Siku hizi hata kujificha mmeacha?"

"Onja," nilimwambia.

"Mimi nionje? Mbele ya mashahidi?"

"Onja, Balozi. Ikiwa ni pombe, nifunge mimi."

Akachukua chupa, akanusa. Akakunja uso. Akaonja kidogo, akangoja. Akaonja tena, akangoja zaidi, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni anayekawia. Wazee walikuwa wameinuka nusu.

"Hii," alisema polepole, "haina kitu. Hata ladha ya maji haina."

"Ndivyo inavyotakiwa," nilisema, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo.

Alisikiliza huku ameshika chupa. Kisha akaketi kwenye gogo, akaweka fimbo chini. "Miaka yote nimekuja hapa kuzima moto huu," alisema. "Leo kuni zitaongezwa mbele yangu. Zee, wewe, inuka ukalete kuni, usikae kama umealikwa harusini."

Wale wazee walikwenda kuleta kuni wakinung'unika. Balozi alikaa nasi mpaka chupa zote zikajaa, na alipokuwa anaondoka alimwambia Ma Kokugonza kwa sauti ya kiserikali, "Maji, ruhusa. Maji tu." Naye akamjibu, "Ndiyo, Balozi," bila kuonyesha kitu usoni. Alikataa malipo yangu. Alinifungia chupa kwa majani makavu ya mgomba, moja moja, zisigongane, nikarudi Ijuganyondo na lori la jioni.

Rwechungura hakuniamini kwa mdomo tu. Alichukua kijiko, akadondosha maji ya kisima, akakishika juu ya moto hadi yakakauka. Ikabaki duara nyeupe. Akasafisha kijiko, akadondosha ya Rubafu. Yalipokauka hapakubaki hata alama. Akampa mkewe akitazame, kisha akajaza betri polepole mpaka bati zikazama, akasafisha vichwa vyake kwa maji ya majivu, akiangalia lisiingie hata tone ndani, kwa sababu majivu yanaiua tindikali. Akaiunganisha na injini yake.

Ijumaa kutwa betri ilichajiwa. Rwechungura alikataza nisiiguse. Nilimpalilia kibanja ili nisikae bure, na kila mara nilipopita karibu na baraza nilisikia betri ikichemka taratibu, kama uji ulioondolewa motoni.

Jumamosi asubuhi aliizima injini, akasema tuiache ipumzike kwanza. Tulikunywa chai. Sijui chai ile ilikuwa na sukari au haikuwa nayo. Kisha akaleta balbu ya taa ya pikipiki ya zamani, akagusisha waya zake mbili. Balbu ikawa nyekundu, halafu manjano, halafu nyeupe hata tukafumba macho.

"Imeamka," alisema. "Si kijana tena, lakini imeamka."

Alinieleza namna ya kuzihudumia zile tano, akayarudia maneno mpaka nikayajua kwa moyo. Nilipitia kwa mzee wa baiskeli, nikanunua kengele. Hakuuliza. Aliipiga mara moja, akanifungia. Nikapanda basi na betri yangu na chupa za maji zilizobaki, nikafika Ngenge usiku.

Jumapili, baada ya misa, padri kijana wa misheni alikubali injini yake iungurume mpaka usiku. Tayari nilikuwa nimezijaza maji zile betri tano na kuondoa majani yote chini ya kiti. Mama alisimama pembeni ameyakumbatia.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekiua," alisema.

"Hapana, mama. Kilikuwa na kiu, na sote hatukujua. Wewe ulikipa ulichokuwa nacho."

"Basi nifundisheni hayo maji," alisema. Na tangu siku ile kazi ya kuongeza maji ikawa yake, na hakuna betri iliyokauka tena mikononi mwake. Moja kati ya sita haikuamka vizuri. Nne ziliamka kama ile ya safari, na hiyo dhaifu tuliiweka mwisho wa mstari, tukaomba Mungu.

Jumatatu kijiji kizima kilikuwa njiani. Vijana wanne walikuwa wamekuja na machela, wakaificha nyuma yao vibaya.

"Hiyo ya nini?" Paulina aliuliza.

"Ya kubebea madaftari, Mwalimu."

"Vizuri. Yapakieni."

Wakayapakia kweli, ikawa madaftari ya darasa la kwanza yanapanda kilima kwa machela kama mkubwa fulani, na Paulina nyuma yake kwa kigari. Kwenye tambarare kilikwenda vizuri. Kwenye mwinuko mkali, pale kona inapoanza, kikapunguza mwendo. Kikapunguza tena. Nilitembea pembeni nikiwa nimenyoosha mkono bila kukigusa, maana alikuwa amenikataza kusukuma. Ng'ombe mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia anatutazama. Paulina hakusimama, akapiga kengele. Ng'ombe akafikiri, akapisha. Kigari kikazunguka kona kwa mwendo wa bibi kizee anayetoka sokoni, na kwa mwendo huo huo, bila kusimama, kikafika juu.

Nilibaki nje ya dirisha la darasa, nimechoka kuliko kigari. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kitu kipya, nikarudi na vile vile vya zamani, vimepewa kilichopungua. Tangu hapo, kitu kikinifia mkononi, siulizi kwanza kinauzwa wapi. Nauliza kimekosa nini, kisha natazama ni nani aliye karibu anayekitengeneza hicho kilichokosekana kila siku kwa kazi nyingine. Nawashauri nanyi mjaribu. Mara nyingi atakuwepo, na mara nyingi atadhani kwanza kwamba wewe ni polisi.

Ndani, watoto walikuwa wamesimama kumpokea mwalimu wao. Mmoja wa mstari wa mbele akachungulia mlangoni, akaona machela ina madaftari tu.

"Mwalimu," aliuliza, "leo umebebwa na nani?"

"Na maji," Paulina alisema. "Kaeni, niwaeleze."